MIZANI YA HABARI ZA MJI MDOGO: BAGAMOYO KATIKA KAMUSI ELEZO

Desturi ya kuandika habari za mji si ngeni katika nchi za Waswahili. Habari za Pate, Habari za Lamu, na tarikhi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, Kitabu al-Sulwa, zote ni maandiko ya namna hiyo. Kila moja ilitungwa na watu waliojua mengi kuliko waliyoyaandika. Kwa hiyo walichagua. Mtunzi wa Habari za Pate alifuata wafalme wa Kinabahani mmoja baada ya mwingine, akaeleza vita vyao na urithi wao. Wavuvi, mafundi wa majahazi, wajakazi na watumwa wa mashamba hawakupata nafasi kubwa katika habari zake. Hakusema uongo, alikuwa na mizani yake, na mizani ile ilipima nasaba na ufalme.

Siku hizi kazi hiyo imeingia mikononi mwa watu wengi zaidi. Wikipedia, kamusi elezo isomwayo katika intaneti, ilianza kwa Kiingereza mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Mtu yeyote aweza kuandika ndani yake bila ya malipo, na mwingine aweza kusahihisha. Swali la kale limerudi kwa sura mpya: katika habari zote zijulikanazo za mji mdogo, zipi ziwekwe, zipi ziachwe, na zipi zitangulie?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Makala ya mji mkubwa husomwa na kusahihishwa na watu wengi mno, na kosa halikai. Makala ya mji mdogo huandikwa na watu wawili watatu, kisha ikakaa miaka bila ya kuguswa. Mwanafunzi huinakili, mwandishi wa gazeti huitegemea, na mtembezaji wa wageni huikariri. Gazeti likishachapwa, huweza kuletwa tena kuwa ushahidi wa makala ile ile. Hivyo neno lisilo na msingi laweza kutoka mlango wa nyuma na kurudi kwa mlango wa mbele limevaa kanzu ya ushahidi, na wenyeji wa mji wakaanza kujisimulia kwa maneno ambayo babu zao wasingeyatambua.

MASHARTI YA KAMUSI ELEZO

Wikipedia ina masharti makuu matatu juu ya yaliyomo. Kwanza, mwandishi asipendelee upande. Pili, kila kauli iweze kuthibitishwa kwa maandiko yaliyochapwa na yenye kuaminika. Tatu, mwandishi asilete uchunguzi wake mwenyewe ambao haujapata kuchapwa mahali pengine. Zaidi ya hayo, mahali penye watu panapotambuliwa na sheria kwa kawaida huhesabiwa kuwa pastahili makala, hata pakiwa padogo. Basi kwa mji mdogo swali si kama uwemo au usiwemo, bali uwemo kwa habari gani.

Masharti hayo ni ya busara, na bila ya hayo kitabu kilicho wazi kwa kila mtu kisingesimama. Lakini yana matokeo yake. Kama ushahidi ni maandiko yaliyochapwa, basi mji usioandikwa huwa kama mji usio na habari. Toleo la Kiswahili lina makala nyingi sana za kata za Tanzania ambazo hazipiti sentensi chache: jina la kata, wilaya na mkoa wake, na idadi ya wakazi kwa sensa ya mwaka fulani. Habari hizo ni za kweli, nazo hazimwelezi msomaji kwa nini watu walikaa pale, wala walikula nini, wala walizikana wapi.

Upande wa pili iko miji midogo michache ambayo wageni waliiandika mno, kwa sababu walipita hapo wakienda kwingine. Hapo maneno hayapungui. Kinachopungua ni mizani. Bagamoyo ni mfano ulio wazi wa hali hiyo.

MJI WENYEWE

Bagamoyo uko katika pwani ya Mrima, kaskazini ya Dar es Salaam, ukielekea kisiwa cha Unguja ng'ambo ya maji. Kilometa chache kusini yake yako magofu ya Kaole, yenye makaburi na msikiti ambao wachunguzi wa mambo ya kale huuhesabu kuwa wa karne ya 13. Wenyeji wenye mamlaka katika mji walikuwa majumbe wa Kishomvi, ambao masimulizi yao hutaja asili ya Barawa. Na nyuma ya mji walikuwako Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua. Katika karne ya 19 waliongezeka Waarabu, Wabulushi waliokuwa askari wa Sultani wa Unguja, na Wahindi wenye maduka na mitaji. Mji ukawa mwanzo na mwisho wa njia kubwa ya misafara iendayo Unyamwezi na Ujiji, hata Manyema. Wadachi waliufanya makao ya utawala wao hadi mwaka 1891, walipoyahamishia Dar es Salaam. Leo ni makao ya wilaya katika Mkoa wa Pwani, na chuo cha sanaa kilichoanzishwa hapo mwaka 1981 sasa huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Katika maneno hayo hapana mengi ya kubishaniwa. Ubishi huanza katika jina.

JINA LA MJI

Wasomi na wenyeji karibu wote hukubali ya kuwa jina limetoka katika maneno mawili, bwaga na moyo, na ya kuwa sauti ya w imepotea baada ya b. Umbo lake, yaani kitenzi kikifuatwa na jina, si geni katika lugha. Vunjajungu na chemshabongo yameundwa hivyo hivyo. Tofauti iko katika maana. Wako wasemao ya kuwa ni neno la mpagazi aliyefika pwani baada ya safari ya miezi: tua mzigo, utulie. Wako wasemao ya kuwa ni kilio cha mtumwa aliyekuwa karibu kupakiwa chomboni: uache moyo wako hapa, kwa kuwa hutarudi. Maelezo ya pili ndiyo yanayopendwa na vitabu vya watalii, nayo yamekaririwa hata yakadhaniwa kuwa hayana mshindani.

Hapa lugha yenyewe ina ushahidi wa kutoa. Kubwaga ni kutupa chini kilicho kizito: mpagazi hubwaga mzigo, na mti hubwaga matunda yake. Katika neno hilo mna dalili ya kupunguziwa uzito. Kubwaga moyo, katika usemi wa Waswahili, ni kutua mashaka na kustarehe. Kwa huzuni ya kupotewa na matumaini lugha ina semi nyingine zilizozoeleka: kuvunjika moyo, kufa moyo, kukata tamaa. Kama jina lingekuwa la kilio, mtu angetazamia mojawapo ya hizo au inayofanana nayo. Ushahidi huo haukati shauri moja kwa moja, kwa sababu majina ya mahali hupata maana mpya midomoni mwa watu wapya, na mtumwa aliyelisikia jina lile angeweza kulipa maana ya msiba wake. Lakini unatosha kuonyesha ya kuwa maelezo mawili hayo hayana uzito sawa kwa upande wa lugha.

Basi makala ya kamusi elezo ifanyeje? Kuandika maelezo ya pili peke yake ni kosa. Kuyaandika yote mawili bila ya neno lolote la kupima ni haki ya nusu. Na mwandishi wa makala hawezi kuleta hoja ya kubwaga na kuvunjika kwa nguvu zake mwenyewe, maana sharti la tatu lamkataza. Hoja hiyo ni lazima iwe imechapwa kwanza na wajuao lugha. Hapa kazi ya kamusi elezo na kazi ya wataalamu wa lugha hukutana.

PEMBE, WAPAGAZI NA WATUMWA

Suala la jina ni mlango tu wa suala kubwa zaidi: Bagamoyo ulikuwa mji wa nini? Katika maandiko mengi ya siku hizi mji huu hutajwa kwanza kuwa bandari ya watumwa. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliweka katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Na katika jina la njia hiyo watumwa wametangulia na pembe zimefuata. Tangu hapo wachunguzi kadhaa wamelipima upya jambo hili. Steven Fabian, katika makala aliyoichapa mwaka 2013 na kitabu chake cha mwaka 2019 juu ya mji huu, alionyesha jinsi sifa ya bandari ya watumwa ilivyokuzwa pamoja na utalii. Jan Lindström naye, katika kitabu cha mwaka 2019, alieleza jinsi kumbukumbu za wapagazi na za biashara ya misafara zilivyonyamazishwa.

Mambo yaliyo dhahiri ni haya. Bandari kubwa ya kusafirishia watumwa katika pwani ya kusini ilikuwa Kilwa Kivinje, iliyopokea watu waliotekwa katika nchi za Ziwa Nyasa. Bagamoyo ulisimama hasa kwa pembe za ndovu, na kwa vitambaa, shanga na waya zilizopelekwa bara kuzinunulia. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa itokayo bara. Biashara ya pembe haikukoma kwa hayo, na miaka ya fahari kubwa ya Bagamoyo ilikuja baada ya tarehe hizo.

Waliobeba pembe hizo, kwa sehemu kubwa, hawakuwa watumwa. Walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira, na ujira huo mara nyingi ulilipwa kwa vitambaa. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi kidogo. Walikuwa na viongozi wao, nyimbo zao na desturi zao za kudai haki. Waliweza kugoma, na waliweza kumwacha njiani tajiri aliyewadhulumu. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, aliandika habari zao kama habari za wafanyakazi wa ujira na wenye utamaduni wao. Walipofika Bagamoyo walipiga kambi, wakauza, wakanunua, wakacheza ngoma, wakangoja safari ya kurudi. Katika msimu wa misafara wageni hao walifanya mji mwingine kando ya mji.

Mtu akisema hivi hasemi ya kuwa Bagamoyo haukuwa na watumwa. Walikuwako. Wako waliopitishwa hapo kwenda Unguja, na wako waliobaki katika nyumba na mashamba ya mji. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Sheria ya kufuta utumwa katika Tanganyika haikutolewa hadi mwaka 1922. Kuyafuta hayo katika makala kungekuwa dhuluma. Lakini ni dhuluma pia kumgeuza mpagazi aliyelipwa ujira kuwa mtumwa aliyefungwa minyororo kwa sababu tu picha ya mnyororo humgusa mgeni zaidi. Mpagazi hunyang'anywa kazi yake, na mtumwa wa Kilwa hunyang'anywa mahali pa msiba wake.

Kwa hiyo utaratibu wa maneno ni jambo la haki. Makala itangulize misafara na pembe, kwa kuwa ndizo zilizouinua mji. Ifuatishe utumwa kwa uwazi, ikieleza tofauti ya waliopita na waliobaki. Na kila kauli ya idadi iwe na mwenyewe na mwaka wake. Idadi isiyo na mwenyewe iachwe.

MAJINA YA VITA

Suala la tatu ni la vita vya mwaka 1888 na 1889. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa aliipa kampuni ya Wadachi haki ya kutawala pwani ya Mrima na kutoza ushuru kwa jina lake. Mwezi wa Agosti kampuni ilipojaribu kuitwaa miji, watu waliinuka. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri bin Juma upande wa Saadani. Hermann Wissmann alitumwa na serikali yake pamoja na askari, akaivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo mwezi wa Mei 1889. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo.

Wadachi waliviita vita hivyo uasi wa Waarabu, na jina hilo lilikaa vitabuni kwa miaka mingi. Jina lilikuwa na kazi yake. Kama walioinuka ni Waarabu wafanyao biashara ya watumwa, basi aliyewapiga ni mkombozi, wala si mtwaaji wa nchi. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alionyesha ya kuwa walioinuka walikuwa mchanganyiko wa majumbe, watu wa mjini, wapagazi, watumwa na watu wa mashamba, kila mmoja na lalamiko lake, na mara nyingine wakigombana wao kwa wao.

Lakini kabla ya wachunguzi wa leo, Kiswahili kilikwisha kuwa na ushahidi wake. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita hivyo, uitwao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na J. W. T. Allen akautoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1955. Jina lake peke yake latosha kuonyesha jinsi jambo lilivyotazamwa kutoka upande wa pili: Wadachi ndio waliofanya jambo, nao walitaka kuitamalaki Mrima. Katika jina hilo hakuna aliyeasi. Mwandishi wa makala aliyefungwa na sharti la kutopendelea upande hana budi kuyataja majina yote mawili na kueleza ni nani aliyetoa kila moja. Akitumia la Wadachi pasipo kueleza, amekwisha kupendelea bila ya kujua.

WAPITAO NA WAKAAO

Suala la nne ni la watu. Makala za Bagamoyo hujaa majina ya wapitao. Burton na Speke walianza safari yao ya mwaka 1857 katika pwani hii. Stanley aliondokea hapa mwaka 1871. Na maiti ya David Livingstone ililetwa hapa mwezi wa Februari 1874, ikavushwa Unguja, na mwisho ikazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Mambo hayo yote ni kweli. Hata katika hilo la mwisho, hata hivyo, mizani mara nyingi hukosewa. Livingstone alipofika Bagamoyo hakuwa hai. Tendo lililofanywa lilikuwa la Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, walioubeba mwili tangu kijiji cha Chitambo kwa muda wa miezi mingi. Sentensi ikiwa na Livingstone peke yake kwa kiima, imempa maiti kazi ya wabebaji.

Wakaao hutajwa kwa uchache. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyewapatia wasafiri wapagazi na bidhaa, alitoa mali yake kwa shule ya Bagamoyo na hospitali ya Dar es Salaam kabla ya kufariki mwaka 1897. Jina lake limebaki katika jengo la hospitali ya Muhimbili, na katika habari za mji aliofanyia kazi halistahili kukosekana.

Zaidi yake ni Sheikh Ramiya, jina lake Yahya bin Abdallah. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo, akakulia katika nyumba ya Kiarabu ya Bagamoyo. Alijifunza dini, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na maulidi ya Bagamoyo yakawavuta watu kutoka mbali. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, alipewa uliwali. Alifariki mwaka 1931. August Nimtz aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1980, kwa hiyo sharti la uthibitisho halimzuii mtu kumtaja. Maisha yake hueleza utumwa wa Bagamoyo kuliko mnyororo wowote ulioning'inizwa ukutani kwa ajili ya watalii: mtoto aliyenunuliwa hakutoweka baharini, alibaki mjini, akafundisha watoto wa waungwana, akawa mwamuzi wao.

Wa tatu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900. Kitabu cha Desturi za Waswahili, alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi yake. Humo zimo habari za uzazi, jando na unyago, ngoma, harusi, madeni, Wahindi na maduka yao, watumwa na mabwana wao, safari za bara na sheria. Ni maelezo ya mji na pwani yake yaliyotolewa na mwenyeji, kwa lugha ya wenyeji, wakati mambo yenyewe yangali yakionekana. Kimechapwa, chaweza kuthibitishwa, na tafsiri ya Kiingereza ya Allen ilitoka mwaka 1981. Wala si lazima kukubali kila neno lake. Mtoro alikuwa mtu wa mjini, aliyatazama ya watumwa na ya watu wa bara kwa macho ya mjini, na aliandika kwa ajili ya Wadachi. Lakini kosa la kumwacha ni kubwa kuliko kosa la kumtegemea.

MAMBO YAPITAYO

Kamusi elezo ya intaneti ina hatari moja ambayo tarikhi za kale hazikuwa nayo: hupokea habari za jana. Mwaka 2013 ulitiwa sahihi mkataba wa awali wa kujenga bandari kubwa katika wilaya ya Bagamoyo kwa mtaji wa Kichina; mwaka 2019 mpango ulisimamishwa kwa sababu ya masharti yake. Mapatano ya namna hiyo huandikwa na magazeti mengi kwa wakati mmoja, na ushahidi wake ni rahisi kupatikana. Kwa hiyo hupata aya ndefu, hali karne nzima ya misafara imepewa mistari mitatu. Mambo haya yatajwe, kwa kuwa yanahusu ardhi na maisha ya watu. Lakini yatajwe kwa miaka yake na kwa kipimo chake, yasiandikwe kama kwamba mpango ni jambo lililokwisha kutendeka.

Sensa nayo ina mahali pake. Tanzania imehesabu watu katika miaka ya 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hesabu moja peke yake haisemi mengi. Hesabu zikifuatanishwa, pamoja na maelezo ya mipaka iliyobadilika, huonyesha kama mji umekua au umezorota baada ya misafara kukoma na utawala kuhama, na hilo ni jambo la historia.

MIZANI

Kutokana na mfano huu yaweza kutolewa mizani ya mambo manne kwa mji wowote mdogo. Kwanza, yatangulie yaliyowalisha watu wa mji kwa muda mrefu, kabla ya yaliyowashangaza wageni kwa siku moja. Pili, waliokaa wapewe nafasi kabla ya waliopita. Na mpita njia akitajwa, watajwe na waliomchukua. Tatu, kila jina la tukio liandikwe pamoja na aliyelitoa, kwa sababu jina la vita au la mji mara nyingi ni shauri lililokwisha kukatwa na upande mmoja. Nne, maandiko ya Kiswahili yaliyochapwa yahesabiwe kuwa ushahidi kamili, yapimwe kwa ukali ule ule upimwao maandiko ya Wazungu, yasiachwe kwa sababu tu mwandishi wa makala hakuyatafuta.

Jambo la nne ndilo lenye kuwahusu wasomi wa lugha zaidi. Kamusi elezo haiwezi kuwa na elimu zaidi ya vitabu inavyovitegemea. Ikiwa makala ya Bagamoyo inamjua Stanley kuliko Sheikh Ramiya, na inajua kilio kinachodhaniwa kuliko kitenzi kubwaga, lawama haiwaangukii wale wachache wanaoiandika bila ya malipo peke yao. Sehemu yake huwaangukia walioyajua hayo wakayasema vyuoni wala wasiyachape, au wakayachapa katika lugha ambayo mtoto wa Bagamoyo haisomi. Habari za Siyu, za Pangani, za Mikindani na za Ujiji zingali zikisimuliwa na wazee, na nyaraka za familia zingali sandukuni. Zikikusanywa, zikapimwa na kuchapwa kwa Kiswahili, mwandishi wa makala atakuwa na pa kushika. Zisipochapwa, mji utabaki na sentensi mbili na hesabu ya sensa, au utabaki na hadithi iliyopendwa na wageni, na baada ya miaka hapatakuwa na mtu wa kuitofautisha na historia.